Sura ya Sita: Akiingia, Inazimika

Fundi aliileta kompyuta ile ndogo ikiwa imeviringishwa ndani ya taulo, akaiweka mezani mbele ya Bi Kwanini, akasema haina ugonjwa wowote. Ameifungua, amepuliza vumbi, amepima joto lake, ameikagua diski. Ameifuta programu ya kuchezea filamu na kuiweka upya, na mipangilio yake ileile. Kisha ameicheza ile filamu ya harusi, tangu bibi harusi anaingia ukumbini hadi watu wanakusanya viti, na haikuganda wala kuzimika hata mara moja.

"Nyumbani kwao inazimika," alisema Bi Kwanini.

"Basi ugonjwa uko nyumbani kwao."

Bi Kwanini hakulipenda jibu hilo, maana ndilo alilokuwa akiliogopa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa jingine kabisa. Hili alipewa na wenzake kazini, enzi zile alipokuwa askari wa upelelezi, kwa sababu hakuna jibu alilolipokea bila kuliuliza tena. Wakubwa wake walichoka naye kabla hajachoka na kazi. Sasa alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na watu walimletea mambo ambayo polisi wangeyacheka.

Hili lingewachekesha zaidi ya yote. Mpima ardhi mmoja alikuwa na kompyuta ndogo chini ya televisheni ya sebuleni, ndani yake mna filamu, nyimbo na picha zote za ukoo, na filamu ya harusi yake ambamo baba yake marehemu anasimama na kusema. Hakuna mahali pengine sauti ya mzee yule ilipobaki. Tangu wiki chache zilizopita programu ilianza kuganda na kuzimika, na kila ilipozimika mke wake alikuwa karibu. Dada mtu akasema ni mkono wa wifi yake, mama mtu akalia, na mpima ardhi, ambaye kazini hupima mpaka mara mbili kabla ya kupigilia kigingi, akawaita wakwe zake bila kupima chochote. Leo alasiri wangekuja kumchukua binti yao akapumzike kwao kidogo. Kila mtu anajua mapumziko ya namna hiyo huishia wapi. Bi Kwanini aliitwa ili tu apatikane mtu wa nje wa kuthibitisha.

Akamuuliza fundi kama alikuwa na uhakika kwamba programu ilikuwa ikianguka yenyewe.

"Haianguki," fundi alisema. "Kuanguka ni kitu kimoja na kuangushwa ni kingine. Programu ikianguka huacha fujo, mafaili nusunusu, malalamiko kila mahali. Hii inafunga kila kitu kwa adabu ndipo inalala. Imeamriwa, Bi. Kumbukumbu zake zinasema amri imepokelewa."

"Kutoka kwa nani?"

"Haziandiki nani. Wala haziandiki kwa njia gani."

Hapo ndipo moyo wa Bi Kwanini uliposhuka. Alikuwa amekutana na yule mke mara moja tu, akampenda, na kumpenda mshukiwa ni kasoro aliyojionya dhidi yake mara nyingi. Kwa mazoea tu akauliza swali lake la mwisho. Fundi alikuwa na hedifoni kubwa shingoni. Je, filamu aliisikiliza kwa hizo?

Fundi akacheka. Jirani yake anachomelea mageti, alisema, bila hedifoni hasikii hata simu ya mkewe. Na kusema kweli hakusikiliza. Alizichomeka, akazitundika hapo shingoni, akawa anatazama tu kama picha inakwenda.

Bi Kwanini akalihifadhi hilo bila kujua ni la nini, akaibeba kompyuta ndani ya taulo lake na kuondoka.

Sebule ya nyumba ile ilikuwa safi ya kuogopesha. Makochi yalivikwa vitambaa vya kufuma, televisheni ilivikwa, hata kompyuta yenyewe ilikuwa na kitambaa chake, kazi ya mkono wa Mama, mwenye nyumba, ambaye hakuamini kitu kinaweza kukaa uchi mbele ya wageni. Katika ziara ya kwanza Bi Kwanini alidhani mambo yameisha: mashine iliyofunikwa gubigubi hupata joto, na ikipata joto hujizima. Kitambaa kiliondolewa kwa masikitiko makubwa. Jioni ile ile ikazimika tena, na Mama akakirudisha kitambaa chake kwa heshima zote.

Mpima ardhi aliirudisha kompyuta mahali pake, akachomeka nyaya. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi. Bi Kwanini akaomba kuzungumza na mmoja mmoja, akaanza na dada.

Dada alikuwa msusi, na alikuwa na vidole vyepesi na ulimi wa kufanana navyo. Alieleza tena aliyokwisha kueleza. Mama akikaa peke yake asubuhi na tamthilia zake, hedifoni kichwani, mashine haina neno. Wifi akirudi kutoka shuleni anakofundisha watoto wadogo, akifungua tu mlango, kioo kinakuwa cheusi. Si kila siku, lakini siku nyingi kiasi cha mtu kuacha kusema ni bahati mbaya. Na filamu ya harusi ndiyo zaidi. Hiyo huchezwa wakiwa wote, tena huyohuyo wifi ndiye anayeing'ang'ania, ndiye anayesema Mama avue hedifoni wasikilize kwa pamoja, ndiye anayepandisha sauti. Inaganda pale mshereheshaji anapomwita bibi harusi. Wakiiendesha tena, inazimika kabisa pale mzee anaposhika kipaza sauti na kumwasa mwanawe. Hapo Mama hulia, huamuru iachwe, na wote huenda kulala bila kuagana.

"Kwa nini amkate mkwe wake kauli?" aliuliza Bi Kwanini.

"Mimi sijui alichosema baba siku ile, nilikuwa jikoni nahesabu sahani. Lakini yeye anajua. Kikulacho ki nguoni mwako, Bi."

Bi Kwanini alimtazama kwa makini. Mwongo hupamba, hukuongezea rangi ya shati na hali ya hewa. Huyu hakupamba kitu. Alikuwa akisema aliyoyaona, na hilo ndilo lililomsumbua mpelelezi. Mashahidi wasemao kweli ndio hufunga watu wasio na hatia.

Kwa Mama hapakuwa na mengi. Masikio yake yalikuwa yamechoka, na mikono ilitetemeka kiasi kwamba vibonye vya rimoti vilimshinda. Alizungumza juu ya marehemu mumewe kana kwamba ametoka kidogo kwenda dukani. Alisema yeye hamchukii mkwewe, hapana, ila hataki tena kumwona mume wake akizimwa mdomoni kama taa. Alilia kidogo, akamwomba Bi Kwanini radhi kwa kulia.

Mpima ardhi mwenyewe alikuwa na kitu kipya. Alitoa simu ya mkewe, ambayo alikuwa ameichukua asubuhi, akamwonyesha. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuongozea televisheni kwa mbali: kuwasha, kuzima, kupandisha sauti. Aliionyesha kwa mkono uliolegea, kama mtu anayekabidhi kitu alichokiokota na angependa asingekiokota.

"Amri imepokelewa," alisema taratibu. "Ndivyo fundi alivyosema, au sivyo?"

Ndivyo alivyosema. Bi Kwanini akaizima simu ile na kuitia mkobani mwake.

Siku ya harusi, akamuuliza, wewe ulikuwepo. Baba yako alisema nini? Mpima ardhi akatahayari. Alijaribu kukumbuka, akakumbuka kiatu cha kushoto kilichombana na shangazi zake wakipiga vigelegele. Bwana harusi husikia nini? Tangu baba afariki alitamani kuyasikia maneno yale, na kila alipoyakaribia yalizimwa.

Mke alikuwa chumbani, amekaa kitandani pembeni ya begi lililokwisha kufungwa. Alikuwa na sauti ya darasani, nene na ya kufika nyuma kabisa, ingawa sasa aliikandamiza. Programu ya simu? Ndiyo, aliiweka yeye. Mama hasikii, rimoti kila siku iko chini ya mto wa kochi, akaona ni rahisi kupandisha sauti kwa simu. Mbona hukumwambia mumeo? Aliinua mabega.

"Hakuniuliza, Bi. Aliichukua tu."

"Na filamu ya harusi, mbona unaing'ang'ania?"

Mwalimu akaangalia begi lake. "Kuna mahali nataka afike."

"Nani?"

"Mume wangu. Mimi nilikuwepo, mimi nilisikia. Akifika atasikia mwenyewe. Sitaki kumsemea."

"Ukimsemea si ungejiokoa?"

"Maneno ya kuomba kuhurumiwa hayana ladha, Bi. Nimejaribu kumfikisha, kila nikijaribu inazimika. Sasa hata mimi nimeanza kujiogopa." Akacheka bila furaha. "Labda kweli ni mimi."

Bi Kwanini alitoka chumbani humo akiwa na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi. Wakwe wangefika muda wowote. Alichokuwa nacho ni simu yenye programu, mashahidi wawili wasiodanganya, mashine isiyo na ugonjwa, na mwanamke ambaye angeweza kujitetea na hataki.

Akaomba watu wote wakae kama wakaavyo siku zote. Mama kwenye kochi lake, hedifoni kichwani, tamthilia ikiendelea. Dada pembeni. Mpima ardhi kwenye kiti cha baba yake. Mwalimu akatumwa nje, bila simu, bila mkoba, mikono mitupu, akaambiwa aingie.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu akaingia kichwa chini, akapita, akakaa. Televisheni ikaendelea kuonyesha watu wakigombana hospitalini.

"Leo kuna mgeni," alisema dada kwa upole wenye sumu. "Na wifi simu hana."

Mpima ardhi akainamisha kichwa. Yeye pia alikuwa amepiga hesabu hiyohiyo: simu imeondoka, ugonjwa umeondoka. Bi Kwanini mwenyewe alikuwa karibu kuipiga. Lakini kulikuwa na kitu kilichopungua katika kuingia kule, na alikaa akikitafuta kama mtu anayejua chumvi imekosekana ila hajui kama ni chumvi.

"Mwalimu," akasema, "hivyo ndivyo unavyoingia siku zote?"

"Sijaelewa."

"Hukumwamkia Mama."

Mwalimu alitazama chini. Leo hakuwa na moyo wa salamu, alisema, angesalimia watu wanaomfukuza? Bi Kwanini akamwambia atoke tena, aingie na salamu zake zote, kama siku yoyote, kwa sauti ileile.

Safari hii alifungua mlango kwa nguvu ya mtu aliyekata tamaa, na sauti ya darasani ikajaza sebule.

"Shikamoo, Mama! U mzima?"

Kioo kikawa cheusi.

Dada alipiga viganja mara moja, akavishikilia pamoja. Mama akavua hedifoni na kuuliza kulikoni. Mpima ardhi alifumba macho, na ulikuwa uso wa mtu aliyesikia hukumu yake mwenyewe. Mwalimu alisimama palepale mlangoni, mikono mitupu imening'inia, akiitazama mikono hiyo.

Bi Kwanini akafikiria hedifoni za fundi. Akafikiria hedifoni za Mama. Akafikiria ni nani huvuliwa hedifoni, lini, na kwa ajili ya nani.

"Iwasheni tena," akasema. "Na Mwalimu akae, afunge mdomo."

Ilipowaka, alitoka yeye mwenyewe hadi mlangoni. Aliwahi kuwa na sauti ya gwaride. Akaivuta kutoka alikoitunza.

"Shikamoo, Mama! U mzima?"

Aliporudi sebuleni kioo kilikuwa cheusi, na hakuna aliyekuwa akimtazama Mwalimu tena.

"Na mimi nirudishwe kwetu?" aliuliza.

Akamwomba msusi amwamkie mama yake kama kawaida yake. Msusi, kwa sauti iliyopungua kimo, akasema shikamoo na kuuliza kama amelala salama. Televisheni, ambayo ilikuwa imewashwa upya, haikujali. Akamwambia aseme sasa, kwa nguvu, Mama ni mzima. Msusi alisita sana. Aliposema, ilizimika, naye akarudi nyuma hatua moja kutoka kwa maneno yake mwenyewe.

"Haijali ni nani anaingia," alisema Bi Kwanini. "Inajali kinachosemwa. Mtu anampa Mama salamu nzuri, na kumbe ndani ya salamu mna amri. Sasa naomba kujua: nani aliifundisha mashine hii Kiswahili?"

Mpima ardhi akainuka, akapiga magoti mbele ya televisheni, akapapasa chini ya ubao wa meza, akabandua kitu kidogo cheusi cha mviringo kilichoning'inia kwa waya mwembamba. Alikitazama kama hajawahi kukiona, na kwa kweli alikuwa amekisahau.

Kilikuwa kipaza sauti. Mikono ya mama ilipoanza kumshinda rimoti, alieleza, alikinunua na kuifundisha programu maneno manne kwa sauti yake mwenyewe: washa, zima, simama, endelea. Haikufanya kazi. Mama aliona haya kuongea na fanicha, na mashine yenyewe haikusikia kitu. Akaacha, akasahau. Baadaye programu ilijisasisha yenyewe usiku mmoja, kama zinavyofanya, na hakuona haja ya kuuliza imebadilika nini.

"Ikapata masikio," alisema Bi Kwanini.

"Haijui lugha," alisema mpima ardhi, kwa sauti ndogo. "Inajua mlio tu. Mzima, nzima, zima, kwake ni kitu kimoja."

"Ndiyo maana kwa fundi haikuzimika. Alitumia hedifoni, sauti haikutoka nje, na kipaza sauti kilibaki hapa. Mama naye asubuhi hutumia hedifoni. Filamu ya harusi peke yake ndiyo inayochezwa kwa spika, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu mkeo anataka msikie wote. Mshereheshaji anasema nini pale inapoganda?"

"'Simama, bibi harusi, tukuone,'" alisema Mwalimu kutoka alikokaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema bila kuulizwa.

"Ikasimama. Mashine inajisikiliza, inajiamuru, inajitii. Na wewe," akamgeukia mpima ardhi, "umeibeba amri ile kwa mkono wako, ukaibandika chini ya meza ya mama yako kwa mapenzi, halafu ukamtafuta mchawi chumbani kwako."

Alitaka kusema zaidi. Hasira ilikuwa imepata mwenyewe. Lakini nje gari lilisimama, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na sauti za watu wazito, wenye adabu, zikasikika zikikaribia. Wakwe walikuwa wamefika.

"Hodi," mtu akasema mlangoni.

Msusi akainuka kufungua, akakaa tena. Hodi ya pili ikabishwa. Bi Kwanini akamwambia mpima ardhi achomoe waya ule na aiwashe filamu pale mzee anapoinuka. Mpima ardhi akamtazama mkewe kana kwamba anaomba ruhusa. Mkewe hakumpa wala hakumnyima.

Mzee alitokea akiwa na koti lililomzidi mabega, akigonga kipaza sauti kwa ukucha kuona kama kinafanya kazi. Mama akaegemea mbele. Mlango ukafunguliwa kwa nje, maana haukufungwa kwa ufunguo, na wakwe wakasimama kizingitini na viatu vyao mikononi, wasijue wameingia katika nini. Hakuna aliyewakaribisha.

"Mwanangu," alisema mzee, "mke husemwa. Sijaona mke asiyesemwa. Mama yako alisemwa mpaka na kuku." Ukumbi wa zamani ukacheka. "Sasa sikiliza. Siku utakayosikia nyumba hii nzima inamsema mkeo, usianze kwa kutafuta nani mkweli. Simama naye kwanza. Kuuliza kutafuata."

Filamu haikuganda. Haikuzimika. Mzee akamrudishia mshereheshaji kipaza sauti, akakaa, na shangazi wakaanza vigelegele vyao.

Bi Kwanini alimtazama Mwalimu. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama mtoto aliyejibu swali siku nyingi na sasa anasubiri mwalimu asahihishe. Begi lake lilionekana kupitia mlango wa chumba, na wakwe walikuwa wameliona pia. Mpima ardhi alikuwa amezama katika kiti cha baba yake, kiganja kimefunika mdomo.

"Kasema nini?" aliuliza Mama. "Sikupata. Baba yenu kasema nini?"

Bi Kwanini angeweza kumjibu, na Mwalimu zaidi, lakini halikuwa lao. Mama akamgeukia mwanawe, akatega sikio lake lililo afadhali.

"We, nakuuliza. Kasema nini?"

Ikabidi aondoe kiganja. Mara ya kwanza hakusikika. Ikabidi aseme tena kwa nguvu, mbele ya dada yake na mbele ya wakwe zake wenye viatu mikononi, neno kwa neno kama mtu asomaye kwa mara ya kwanza.

"Amesema, wakimsema mke wangu, nisimame naye."

Mama alilipokea hilo, akatikisa kichwa polepole kwa kumtambua mumewe. Kisha akamtazama kijana wake kutoka kichwani hadi miguuni, kitini alikokuwa.

"Sasa mbona umekaa?"